Pacha Hawakai Kabati Moja

Nilifukuzwa kazi Kisumu kwa sababu ya diski iliyokufa, na mpaka leo sijajuta. Nasema hili mapema ili anayesoma asikae akingoja niwe mnyonge mwishoni. Wako watu wanaokumbuka kufukuzwa kwao kwa machozi. Mimi nakumbuka kwangu kwa hasira, na hasira yenyewe imezeeka vizuri.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, binti wa Nyakach, mwendo mfupi tu kutoka soko la Pap Onditi. Nilikuwa nimesomea kompyuta Nairobi na kurudi na cheti pamoja na kiburi kidogo. Nilipata kazi katika mradi wa utafiti wa malaria uliokuwa na ofisi mjini, katika jengo la zamani lenye mabati mekundu. Kazi ya mradi ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Katika kila kijiji cha ufuoni upande wa Bondo kulikuwa na mwanamke mmoja aliyetembea nyumba hadi nyumba akiandika kila mtoto aliyezaliwa, uzito wake, kila homa, kila tone la damu lililotolewa kidoleni, na kila mtoto aliyefariki. Fomu zililetwa mjini kwa gari la mradi, makarani wakaziingiza kwenye kompyuta, na mimi nikatunza mashine iliyohifadhi yote hayo.

Fomu zenyewe zilichomwa. Hilo lazima lijulikane. Stoo ilijaa, mchwa wakaingia, na mkurugenzi wetu akaamuru kila fomu ikishaingizwa kwenye mashine ichomwe nyuma ya jengo. Mkurugenzi alikuwa daktari, mtu wa kwetu, msomi hasa, na wote tulimwita Daktari. Nilimwambia karatasi haihitaji stima. Akacheka na kuniambia mimi ndiye mtu wa kompyuta wa kwanza aliyemwona akitetea karatasi. Moshi ulipanda Ijumaa tatu mfululizo, na tangu hapo watoto wale hawakuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye diski zangu.

Nasema watoto kwa makusudi. Ofisini walisema data. Nami nilisema data mpaka siku alipokuja mmoja wa wale wanawake wa vijijini, mama wa makamo mwenye miguu iliyopasuka kwa kutembea. Alikuwa ameleta fomu mwenyewe kwa sababu gari la mradi lilikuwa limeharibika. Alisimama mlangoni pa chumba cha mashine, akavua viatu bila kuambiwa, akatazama taa za kijani zikimetameta.

"Nyar Nyakach," akaniita, kwa kuwa kwetu binti huitwa kwa jina la kwao, "mtoto ya binti yangu iko hapa ndani?"

Nikamuuliza alizaliwa lini. Akanitajia. Nikatafuta, nikamwonyesha kwenye kioo: mtoto wa kiume, uzito wake wa kuzaliwa, ziara kumi na moja, homa nne, kisha tarehe ya mwisho. Aliyeandika yote yale alikuwa yeye mwenyewe, bibi yake, kwa kalamu ya mradi.

"Picha yake hatukupiga," akasema. "Nguo tulizika na yeye. Imebaki tu hii yenye niliandika. Sasa ukipotesha hii, nyathina, atakuwa amekufa mara mbili."

Nyathina kwa Kiluo ni mwanangu. Nilimwahidi kwamba haitapotea, na nilipokwisha kuahidi nikashikwa na hofu, kwa sababu mashine tuliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa na diski moja tu, nzee, inayokoroma.

Baada ya miezi michache mashine mpya ikaja. Kwa Kisumu ya siku zile ilikuwa kitu cha kuitia watu: makabati mawili ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja likiwa na nafasi tano za diski na feni zake na waya wake wa stima. Zilikuja diski tisa. Zote zilitoka katoni moja, na namba zake zilifuatana. Hilo halikunipendeza hata kidogo. Vitu vilivyotengenezwa kiwanda kimoja siku moja vina tabia ya kuchoka karibu wakati mmoja.

Hapo ndipo vita yangu na Daktari ilipoanza. Alikuwa na miaka kumi ya picha za darubini, picha za vimelea vya malaria ndani ya damu, ambazo alikuwa akizipitisha kwenye mashine moja moja kwa ajili ya kitabu alichokuwa akiandika. Picha zilikula nafasi vibaya sana. Alitaka nafasi, na alikuwa amesoma mahali fulani kuhusu pariti.

Pariti si kitu kibaya, na sitaki kuionea. Unachukua diski nane. Nafasi ya diski saba inabeba mzigo wenyewe, na nafasi ya diski moja inabeba hesabu ya zote. Diski moja ikifa, mashine inapiga hesabu kutoka kwa zilizobaki na kuifufua. Umepoteza nafasi ya diski moja tu, nawe umelindwa. Lakini zikifa mbili kwa pamoja, au ya pili ikafa kabla ile ya kwanza haijafufuliwa, hesabu haipigiki tena na zote nane huwa bati tupu.

Mimi nilitaka njia nyingine, ile ambayo watu wa kazi yangu huita mirror na mimi moyoni niliita pacha. Kila diski ina pacha wake, na kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Nane zinakuwa jozi nne. Ya tisa inakaa spea, haina kazi ila kungoja. Pacha mmoja akifa, spea inaingia palepale na kuanza kunakili kutoka kwa yule aliyebaki.

"Yaani nusu ya mashine inalala?" Daktari akauliza. Tulikuwa ofisini kwake, na msimamizi wa ofisi alikuwa amekaa pembeni akitikisa kichwa, kama alivyotikisa kila mara Daktari alipouliza swali.

"Hailali, Daktari. Inafanya kazi ileile mara mbili."

"Kazi moja mara mbili ni nini kama si kulala?"

"Ni akiba. Na akiba haiozi."

Msimamizi akadakia, "Madam, hapa sisi tuko na shida ya nafasi, wewe unaleta methali."

Huyo msimamizi wa ofisi alikuwa mtu nadhifu, suti kila siku hata jua la saa nane likiwa linapasua mawe, na moyo wake wote ulikuwa kwa wageni. Wageni wakija, nyasi zilikatwa, mawe ya njiani yalipakwa chokaa, na sisi wafanyakazi tuliambiwa tutabasamu kiasi gani. Sikumchukia. Nilichoka naye tu.

Daktari akaniandikia memo: weka pariti. Nikaisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kwenye chumba cha mashine nikaweka pacha. Kisha nikaandika memo yangu: Nimeweka pacha. Diski zimetoka katoni moja, stima yetu mnaijua, joto letu mnalijua, na fomu mlichoma. Nikatia sahihi na kuipeleka kwa mkono wangu, maana sikutaka mtu aseme nilijificha.

Niliongeza jambo moja ambalo hata mwalimu wangu wa Nairobi hakunifundisha kwa mkazo: pacha hawakai kabati moja. Wa kwanza nilimweka kabati la juu, mwenzake kabati la chini. Kila kabati nililipatia plagi yake na njia yake ya stima. Kabati zima likifa, lingine lina kila kitu. Jozi ya kwanza nikawapa watoto. Ya pili ikabeba majibu ya maabara, ya tatu hesabu za mbu, ya nne kitabu cha Daktari na picha zake.

Daktari aliponiita alikuwa ametulia, na kutulia kwake ndiko kulikotisha. Akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu langu ni zima na watoto ni wazima. Kubadilisha sasa kungemaanisha kuitoa data yote kwenye mashine na kuirudisha, na hapakuwa na mahali pa kuiweka, kwa hiyo pacha wangu walibaki. Mimi nikapewa barua ya onyo. Niliiweka ndani ya droo ya meza, chini ya kitambaa.

Kitambaa hicho kina habari yake. Mama yangu alikifuma kwa mkono nilipopata kazi, uzi mweupe wenye pindo la bluu, kwa ajili ya kompyuta yangu ya mezani. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, televisheni ya jirani ina vitambaa viwili, sembuse kompyuta! Nilikitumia wikendi kuzuia vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa wingu na kufa popote wanapoangukia. Nilikifunika kwenye kioo cha mezani mashine ikiwa imezimwa, na Jumatatu nilikitoa.

Mwaka uliofuata tukaambiwa wafadhili wanakuja. Wageni wenyewe, watu sita kutoka nje, Jumatatu saa nne asubuhi. Msimamizi wa ofisi akapagawa. Kwanza alikuja na daftari la vifaa kuhakiki kila kitu, siku ambayo mimi nilikuwa Bondo natengeneza kompyuta ya ofisi ndogo. Niliporudi nikakuta nafasi ya spea ni wazi. Diski ya tisa haipo.

"Iko hall," akaniambia. "Kwa ile mashine ya kuonyesha picha kwa ukuta. Imejaa, ilikuwa inataka disk. Na hii yako ilikuwa inakaa tu, haifanyi kazi."

"Kazi yake ni kukaa!"

"Madam, kitu yenye inakaa haiko kazi. Mimi ndio naandika hiyo daftari."

Nikapanda kwa Daktari. Akasema wageni wakienda itarudishwa. Nikauliza ikiwa diski itakufa kabla ya wageni kwenda, itakuwaje. Akauliza kama nina habari yoyote kutoka kwa Mungu kwamba itakufa. Wakati huo hata mashine mpya ya kunakili diski kwenye kanda ilikuwa imefika mbovu, mwezi wa pili sasa bila kunakili hata kanda moja, na ombi langu la vipuri lilikuwa juu ya meza yake bila sahihi. Nililigusa kwa kidole kimoja na kuondoka. Nilikasirika mpaka nikasahau kula mchana.

Jumamosi nikaenda Nyakach kumzika shangazi yangu, dada ya baba. Mtu hakosi mazishi ya shangazi yake kwa ajili ya wafadhili, na hilo hata msimamizi hakuthubutu kubisha. Nikakaa huko mpaka Jumapili jioni.

Jumatatu asubuhi nikaisikia mashine kutoka mwanzo wa korido. Ilikuwa inalia ule mlio wake wa hatari, mwembamba, usio na pumzi. Askari wa mlangoni akaniambia, "Imelia tangu jana, nikadhani ni mambo ya stima."

Nikafungua mlango. Kabati la juu, lile lililo usawa wa macho ya mgeni, lilikuwa limevishwa kitambaa cha mama yangu. Vingine viwili kutoka kwa karani wa mapokezi vilikuwa vimeteremshwa mbele na nyuma mpaka feni hazikuonekana. Juu yake kulikuwa na chombo chenye maua ya plastiki. Kabati la chini lilikuwa limeachwa, kwa kuwa lilifichwa na meza. Mashine ilikuwa imependezeshwa kama sebule ya bibi harusi, na ilikuwa imepumua joto lake yenyewe tangu Jumamosi mchana.

Niling'oa vitambaa vyote kwa mkupuo mmoja. Bati lilikuwa moto kiasi cha kutoshikika. Diski mbili za kabati la juu zilikuwa na taa nyekundu, ya kwanza na ya nne. Watoto, na kitabu cha Daktari.

Nilikaa chini sakafuni. Halafu nikaangalia kabati la chini. Pacha wote wanne walikuwa kijani. Nikafungua rekodi ya yule mtoto wa kiume mwenye ziara kumi na moja na ikafunguka. Nikacheka peke yangu kwa sauti. Kama ningetii ile memo, asubuhi ile diski mbili zilizokufa zingekuwa zimeondoka na kila kitu.

Lakini kicheko hakikudumu. Watoto sasa walikuwa kwenye diski moja, isiyo na mwenzake, iliyotoka katoni ileile, na nilipoweka sikio nikaisikia ikikwaruza. Niliwahi kuisikia ile ya zamani ikikwaruza hivyo kabla haijafa. Kompyuta za makarani zilikuwa na diski ndogo, zisingebeba hata robo ya watoto. Spea ilikuwa hall, mita thelathini kutoka pale nilipokaa, ikionyesha picha ukutani.

Nikamkuta msimamizi akinyoosha tai mbele ya kioo cha dirisha.

"Nataka spea yangu sasa hivi."

"Wageni wameingia tayari. Ngoja saa kumi."

"Haitafika saa kumi. Uliifunika mashine blanketi, imekufa diski mbili."

"Si blanketi, ni kitambaa," akasema, ameumia kweli. "Na ni yako."

"Ni ya mama yangu. Mkono ni wako."

Akanishika kiwiko. "Nyar Nyakach, tafadhali, usituaibishe mbele ya wageni." Sauti yake ilikuwa ya kuomba, na ndiyo iliyonikasirisha zaidi, kwa sababu nilielewa vizuri kabisa. Hata mimi nimelelewa hivyo. Mgeni akija, kilichopasuka hufunikwa, mtoto mgonjwa huoshwa uso na kuambiwa asikohoe. Nikautoa mkono wake taratibu, nikachukua bisibisi, nikaenda.

Hall ilikuwa imejaa. Ukutani palikuwa na ramani ya ufuo, vijiji vikiwa doa doa, na Daktari alikuwa amesimama mbele yake akiwaeleza wageni kwa Kiingereza chake kizuri namna kila mtoto anavyofuatwa tangu siku anapozaliwa. Nikapita katikati ya viti. Nikasema samahani mara moja tu. Nikazima mashine, ramani ikatoweka ukutani, nikaanza kufungua skrubu.

Daktari akasema polepole, kwa Kiswahili ili wageni wasielewe, "Binti, keti chini."

"Daktari, hao watoto unaowaongelea wako kwenye diski moja tu saa hii, na inakwaruza. Hii hapa ndiyo spea yao."

"Keti chini."

"Nikimaliza."

Skrubu zilikuwa nne. Ya tatu ilinikatalia, na nikasikia jasho likishuka mgongoni watu wote wakinitazama. Ilipotoka niliivuta diski, nikaikumbatia kifuani na kutoka. Nyuma yangu mgeni mmoja alikuwa akiuliza kama hii ni sehemu ya maonyesho.

Spea ilikuwa moja na jozi zilizovunjika zilikuwa mbili. Sikuhitaji hata kupepesa macho. Niliitia pale palipokuwa pacha wa watoto, nikaamuru kunakili, nikavuta kiti na kukaa. Namba ilianza kupanda kwenye kioo kwa uvivu wa ajabu. Nilijiapiza kwamba atakayeigusa mashine ile atanigusa mimi kwanza.

Wageni walipopelekwa kula samaki, Daktari akaja. Alitazama taa, akatazama vitambaa vilivyorundikwa pembeni, akaelewa. Alikuwa mtu mwenye akili, sikatai.

"Ya nne ni yangu," akasema.

"Ndiyo, Daktari. Pacha wake wa chini anaendelea peke yake. Nimeagiza diski mpya Nairobi kwa simu, zitafika Alhamisi kwa basi."

"Toa hiyo spea uweke kwangu. Miaka kumi, unaelewa? Slaidi zenyewe za damu zimeshaharibika. Hawa wengine wana fomu zao."

Nikamtazama. Nilingoja akumbuke mwenyewe, na hakukumbuka.

"Fomu tulichoma, Daktari."

Feni zilikuwa zinavuma. Nikamwambia maandishi ya kitabu chake nitayaokoa kwenye disketi mchana huohuo, hayo ni mepesi, na kama atanichagulia picha chache za muhimu nitazibana kwenye kompyuta za makarani. Akasema zote ni muhimu. Nikamwomba tena achague. Akageuka na kuwarudia wageni wake.

Watoto walimaliza kunakiliwa saa kumi na robo jioni ile. Maandishi ya kitabu niliyatia kwenye disketi kumi na nne, nikazifunga kwa mpira na kumwekea mezani. Jumanne nikamuuliza tena kuhusu picha, hakunijibu. Nikachagua mwenyewe, nikabana zilizoingia, ambazo zilikuwa chache. Jumatano mchana stima ilikatika na kurudi mara tatu, na pacha wa nne wa kabati la chini akafa. Picha za miaka kumi zikaondoka naye.

Nilimwonea huruma, na sisemi hivi kwa adabu. Nilimwona kupitia mlango akiwa ameshika zile disketi kumi na nne bila kuzifungua. Lakini huruma si kujuta. Alhamisi diski mpya zilifika, nikajaza nafasi zote, nikaweka spea mpya mahali pake, nikaandika kwenye bati kwa wino mzito: KAZI YAKE NI KUKAA. Ijumaa nikaitwa.

Walikuwa wawili, Daktari na msimamizi, na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kitambaa changu binafsi kilisababisha joto, kwamba nilikaidi maagizo ya maandishi, na kwamba uharibifu wa mali ya utafiti ulitokana na mimi. Nikitia sahihi ningeondoka na barua nzuri ya sifa. Nikikataa ningeondoka bila chochote.

"Ulijua kilichokuwa kwenye jozi ya nne?" Daktari akauliza.

"Nilijua."

"Na ungekuwa na spea ileile moja leo?"

"Ningeweka palepale, Daktari. Hata sasa hivi, ukinitazama."

Nikairudisha karatasi upande wao wa meza bila sahihi. Msimamizi akasema ninajiharibia maisha. Nikamwambia asihangaike, maisha si yake na hayamo kwenye daftari lake. Nilitoka bila kuagana na mtu, nikakusanya vitu vyangu kwenye boksi: kikombe, bisibisi yangu mwenyewe, kitambaa cha mama.

Nje kwenye ngazi nikakutana na yule mama wa Bondo mwenye miguu iliyopasuka akipanda na fomu zake chini ya kwapa. Alitazama boksi, akatazama uso wangu, akajua.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Na watoto?"

"Wako ndani wote. Hakuna hata mmoja amepotea."

Akafumba macho kidogo, akasema asante kwa Kiluo, mara mbili. Halafu akachomoa fomu moja kutoka kwa zile za kwapani na kuniwekea juu ya boksi.

"Basi andika huyu kabla hujaenda," akasema. "Hao wengine siwajui mikono yao."

Nikarudi. Nikampita askari, nikampita karani wa mapokezi, nikaketi mbele ya kioo changu na boksi miguuni. Msimamizi akaja mlangoni mbio mbio.

"Madam, wewe si mfanyakazi hapa tena. Hauna ruhusa kugusa hiyo mashine."

Sikugeuka. Niliandika kijiji, nikaandika nyumba, nikaandika jina la mama yake. Jina la mtoto lilikuwa bado. Msichana, amezaliwa alfajiri, kilo mbili na nusu, mzima. Nikabonyeza, na kwenye makabati yote mawili, juu na chini, taa mbili za kijani zikawaka kwa pamoja.